Mkahawa Ukishaweka Bembea

Tangu mwishoni mwa Julai 2025, serikali ya Kenya ilipozindua sera mpya ya kitaifa kuhusu pombe na dawa za kulevya, mjadala umekwama kwenye mambo mawili: umri wa kunywa kupandishwa kutoka miaka 18 hadi 21, na hasara itakayowapata wafanyabiashara. Kuna pendekezo jingine ambalo kila likitajwa hukutana na kicheko au hasira. Linasema pombe isiuzwe mikahawani, sawa na supamaketi, vituo vya mafuta, fukwe na bustani za umma. Wengi wamelichukua kuwa vita dhidi ya bia ya kuteremshia nyama choma. Naamini limeeleweka vibaya, na waliolitunga wamechangia kutoeleweka huko. Chini ya pendekezo hilo kuna mtoto wa miaka minne aliyeketi kwenye kiti cha plastiki Jumapili saa tisa alasiri, miguu ikining'inia, akisubiri nyama ya mbuzi iive. Mahali palipomwalika mtoto huyo pana wajibu gani kwake? Hoja yangu ni kwamba mkahawa ukishaweka bembea umejitwisha wajibu, na wajibu huo hautimizwi kwa kuondoa chupa mezani peke yake, wala kwa kuacha mambo yaendelee yalivyo.

Tuanze na sheria, kwa sababu wengi wanazungumza kana kwamba jambo hili limezuka juzi. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo hadi leo watu huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge wa Naivasha wa wakati huo, ilikwisha kusema kwamba mwenye leseni asimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali pombe inapotengenezwa, kuhifadhiwa au kunywewa. Iliweka na saa pia: baa za kawaida zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi na sikukuu, na zifungwe saa tano usiku. Ukiisoma kwa makini utaona kwamba eneo la nyama choma lenye bembea upande mmoja na kaunta ya pombe upande wa pili, bila chochote cha kuzitenganisha, linaivunja sheria hiyo kila Jumapili mchana kweupe, na hakuna anayeshtuka. Sera ya 2025 kwa upande wake si sheria. NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, yenyewe ilieleza hivyo baada ya kelele kupanda, kwamba mapendekezo lazima kwanza yatungiwe sheria na kanuni. Kwa hiyo tuna sheria ya tangu 2010 ambayo watu wameizoea kwa kutoifuata, na sera ambayo bado haimfungi mtu. Katikati ya hayo mawili wamekaa baba, mama na watoto wao, na kila upande unawasemea bila kuwauliza kwa nini wako pale.

Wako pale kwa sababu jiji limewabana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi, na sehemu kubwa yao wanaishi nyumba za kupanga ambazo hazina ua. Nenda Pipeline, Embakasi, uone maghorofa yalivyosogeleana hadi kamba za nguo za majirani zinakaribia kugusana. Mtoto wa hapo huchezea kwenye ngazi na kwenye korido, akifokewa na kila mpangaji anayepita. Bustani za umma zipo, lakini ni chache, na hizo chache zimebaki kwa sababu kuna watu waliozipigania. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, akatukanwa hadharani kwa ajili hiyo, na miaka kumi baadaye yeye na wenzake walipigwa wakitetea msitu wa Karura usigawiwe wajenzi. Leo familia za Nairobi zinatembea Karura wikendi, ila langoni hulipiwa, na Uhuru Park yenyewe ilifungwa mwaka 2021 kwa ukarabati uliochukua muda mrefu. Mzazi anayetafuta nyasi za mtoto kukimbilia anajikuta akizinunua kwa kilo ya mbuzi. Watu wakisema familia za siku hizi zimeiga anasa ya kula nje, mimi huona kwamba hawajahesabu vizuri. Kinachonunuliwa hasa Jumapili ile ni nafasi, na chakula ndicho risiti yake.

Wenye mikahawa waliliona hilo mapema. Ndiyo maana pembezoni mwa jiji, kuelekea Ngong, Kiserian, Ruiru na barabara ya Mombasa, karibu kila ubao wa matangazo unaoandikwa nyama choma huwa na maneno ya kuwakaribisha watoto: bembea, ubao wa kuteleza, farasi wa kupanda, michoro ya usoni, na lile jumba la mpira linalojazwa upepo kwa mashine ambamo watoto huruka hadi wakalowa jasho. Silaumu biashara kwa kubuni. Lakini tuseme ukweli kuhusu kazi ya bembea ile. Inamshughulisha mtoto ili mzazi akae, na mzazi akikaa anaagiza tena. Saa moja ya mlo inageuka saa nne. Mtoto ndiye anayeuza kreti ya pili, bila yeye kujua. Hiyo ndiyo sababu nasema wajibu upo. Ukimtumia mtoto kuongeza mauzo yako, huwezi tena kusema kwamba yaliyompata pale yanamhusu mzazi wake tu.

Mwaka jana tulimpeleka mpwa wangu mahali pa aina hiyo nje kidogo ya jiji. Ana miaka minne. Tuliagiza kilo moja na nusu ya mbuzi saa nane na nusu, na nyama ikafika saa kumi kasorobo. Katika muda huo mtoto alishiba soda na chipsi, akaanguka mara moja kwenye ubao wa kuteleza ambao chini yake palikuwa na saruji tupu, na akataka kwenda msalani. Njia ya msalani ilipita mbele ya kaunta, katikati ya wanaume waliosimama na chupa mkononi wakitazama mpira. Mmoja wao, kwa wema kabisa, alimpapasa kichwa na kumwita mchumba. Mtoto akanishika suruali kwa mikono miwili. Sinki la kunawia lilikuwa juu ya kidevu chake. Tuliporudi mezani, mhudumu alikuwa anakata nyama kwenye ubao, kisu kirefu kikipanda na kushuka, vipande vya mfupa vikiruka hadi kwenye kiti cha mtoto. Nyama ilikuwa tamu, lakini yeye alikuwa amelala juu ya viti viwili vilivyounganishwa, na hakuila. Katika yote hayo, bia ilihusika na jambo moja tu. Mengine yote yangekuwepo hata kama pombe ingeharamishwa kesho asubuhi.

Nimelieleza hilo kwa sababu hapo ndipo sera inapokosea lengo. Wanaoiunga mkono wana hoja nzito na sitazipunguza uzito. Mtoto anayekua akiona kwamba kila furaha ya familia, kuanzia ubatizo hadi kufunga shule, huishia mezani penye chupa, anajifunza kwamba furaha na chupa ni kitu kimoja. Wapo pia wazazi wanaoendesha gari kurudi nyumbani usiku wakiwa wamekunywa, watoto wamelala kiti cha nyuma bila mkanda. Yeyote anayepita barabara ya Ngong au ya Thika Jumapili saa mbili usiku ameyaona magari hayo yakiyumba. Anayesema hili ni jambo dogo hajawahi kukaa kwenye chumba cha dharura. Hoja hizi mbili zinatosha kuonyesha kwamba hali ilivyo haifai. Hazitoshi kuonyesha kwamba dawa yake ni kuifuta pombe kwenye kila mkahawa nchini. Mkahawa wa katikati ya jiji unaowauzia watu wazima chakula cha jioni na glasi ya divai hauna mtoto wa kumlinda, na ukiufunga kwa jina la mtoto umelitumia vibaya jina lake.

Upande wa pili nao una hoja yenye nguvu, ya ajira. Mahali pa nyama choma pana mchinjaji, mchomaji, wahudumu, mpishi wa ugali, mama wa kuosha vyombo, mlinzi wa magari na kijana wa kuendesha lile jumba la mpira, ambaye mara nyingi si mwajiriwa wa mkahawa bali amekodi nafasi yake pale. Faida ya nyama ni ndogo kwa sababu bei ya mbuzi haitabiriki; faida ya kinywaji ndiyo inayolipa mishahara. Ukiiondoa kwa mkupuo, wa kwanza kurudishwa nyumbani ni yule mama wa vyombo. Hili linanigusa, na yeyote anayeandika sheria analazimika kulijibu kwa hesabu, si kwa mahubiri. Lakini tuna kumbukumbu ya karibu ya kutusaidia. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilipokataza uvutaji sigara katika maeneo ya umma isipokuwa sehemu zilizotengwa, wenye hoteli walitakiwa kufanya jambo ambalo awali lilionekana haliwezekani, yaani kumwondoa mvutaji kwenye meza ya jirani yake bila kumfukuza mteja. Lilifanyika. Palitengwa pembe, ukuta, baraza la nje. Leo mzazi anayeingia mkahawani hana haja ya kuchagua meza kwa kufuata mwelekeo wa moshi. Ajira za hoteli hazikuteketea. Kutenganisha kuliwezekana kwa sababu sheria ilisema wapi, badala ya kusema hapana tu.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote, na ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika sana, inasema hivi: kama hutaki mtoto wako aone walevi, usimlete, mwache nyumbani na yaya. Inasemwa kwa sauti ya mtu anayefunga mazungumzo. Tuichunguze. Kwanza inajifanya kwamba mtoto ameletwa kwa lazima mahali pasipomhusu, kama vile mtu amempeleka mtoto disko kisha akalalamika kuhusu muziki. Sivyo. Ubao barabarani umeandikwa karibuni na watoto, ukutani pamechorwa wanyama wa katuni, kiingilio cha kuruka kimelipwa. Huwezi kumwandikia mtu mwaliko kisha ukamuuliza nani kamleta. Pili, si kila nyumba ina yaya, na pale alipo, Jumapili ni siku yake ya mapumziko. Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, hoja hiyo inakubali kimyakimya kwamba mlo wa pamoja nje ya nyumba ni haki ya mtu mzima peke yake. Mama wa watoto wawili wadogo anayefanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi akipewa chaguo la kukaa na mumewe au kukaa na watoto wake, amenyimwa vyote viwili. Mahali pazuri pa kula kwa familia ni pale ambapo halazimiki kuchagua.

Na mahali pa namna hiyo papo, hatuhitaji kupasafiria ng'ambo kupatafuta. Nenda Mombasa jioni, Mama Ngina, pale baharini palipofanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2019. Familia zinakuja baada ya alasiri, watoto wanakimbia, kina mama wanakaa wakiiona bahari na watoto kwa pamoja, na chakula ni cha dakika tatu: mihogo ya kukaanga inayopasuliwa na kunyunyiziwa ndimu na pilipili, viazi karai, kachri, dafu linalokatwa mbele yako. Mtoto anapewa muhogo wake bila pilipili, anakula akitembea. Mzazi naye anakula chakula kilekile, kwa ladha ya mtu mzima. Forodhani ya Unguja, iliyofanyiwa ukarabati na kufunguliwa tena mwaka 2009, ina mpango unaofanana na huo, na waliopanga ukarabati wake walitenga sehemu ya watoto kucheza ndani ya bustani yenyewe. Nairobi nayo ina Eastleigh, ambako utakuta mikahawa mingi ya pilau na nyama ya ngamia yenye sehemu zilizotengwa kwa familia, pombe haipo, na sahani inafika kabla mtoto hajaanza kulia. Diamond Plaza, Parklands, wahudumu hukuvamia na menyu kumi kwa mpigo, jambo linalowachosha wageni, lakini ndani ya muda mfupi meza imejaa bhajia na chipsi masala, na mtoto anayependa hiki na anayependa kile wote wamepata.

Naomba nisieleweke kuwa nasema jibu ni mikahawa isiyouza pombe tu. Hayo niliyoyataja yanafanana katika kitu kingine ambacho mjadala haujakigusa kabisa, nacho ni muda. Mtoto mdogo ana saa yake. Akishikwa na njaa, una dakika 15, labda 20, kabla ya kilio, na baada ya hapo hata chakula kizuri hakiokoi siku. Nyama choma, kwa asili yake, inataka saa nzima juu ya makaa. Huo ndio utamu wake na sitamwomba mchomaji aharakishe. Ila kitu kimoja kinajulikana na kila mchomaji wa Kenyatta Market: supu ya mifupa iko tayari muda wote kwenye sufuria. Kikombe cha supu isiyo na pilipili, ugali kidogo, parachichi lililopondwa, viazi vilivyochemshwa, ni vitu vinavyoweza kumfikia mtoto ndani ya dakika kumi kwa gharama ndogo sana. Badala yake, ukurasa wa watoto kwenye menyu za jiji zima umeandikwa chipsi na soseji, kwa bei inayokaribia ya mtu mzima. Mpishi anayechemsha supu bora ya mbuzi anamkaangia mtoto soseji ya dukani. Nyama nayo, ikifika, humfikia mtoto wa miaka miwili ikiwa vipande vya kumkaba, na mama hutumia nusu saa kuchambua nyuzi kwa vidole huku sahani yake ikipoa. Mhudumu aliyefunzwa angeweza kuikata hiyo ndogondogo jikoni, ambako kisu kirefu ndiko kinakostahili kuwa.

Hayo yote yana maana gani kwa watakaotunga sheria? Kwanza, wasianze na neno mkahawa, waanze na mwaliko. Mahali popote panapotangaza michezo ya watoto, au panapotoza pesa kwa michezo hiyo, pawe na leseni yenye masharti yake: eneo la kuchezea lenye uzio na lenye mchanga au mpira chini badala ya saruji, msalani pa watoto pasipopitia kaunta, sinki la urefu wao, meza za familia ambazo pombe haiuzwi wala kunywewa, na saa maalumu ambayo michezo inafungwa na watoto wanaondoka. Saa hiyo, kwa maoni yangu, iwe kumi na mbili jioni, kabla giza halijaingia na kabla unywaji haujakolea. Asiyetaka masharti hayo aondoe bembea na achore ukuta wake vingine, aendelee kuuza bia kwa watu wazima kwa amani. Pili, hatuhitaji mamlaka mpya. Maafisa wa afya ya umma wa kaunti tayari huingia jikoni, na kila anayeshika chakula hutakiwa kupimwa afya kila baada ya miezi sita. Afisa anayekagua cheti cha mpishi anaweza, katika ziara hiyohiyo, kupima urefu wa sinki na kutembea njia ya kwenda msalani akiangalia inapita wapi.

Kuna pingamizi moja ninalolichukua kwa uzito hapa. Masharti hugeuka mlango wa hongo, na mkahawa mdogo wa mtaani utabanwa huku ule mkubwa ukinunua njia. Ni kweli, na ndiyo sababu nimependekeza vitu vinavyoonekana kwa macho. Uzio upo au haupo. Mzazi yeyote anaweza kuuona na kuulizia, hahitaji cheti ukutani. Na mkahawa mdogo wa mtaani, ule wa chapati, ndengu na matumbo, kwa kawaida hauna bembea wala kaunta ya pombe, kwa hiyo masharti haya hayatauhusu. Kwa kweli ndio unaoweza kunufaika. Wazazi wakianza kuuliza chakula kinafika baada ya dakika ngapi na msalani pako wapi, badala ya kuuliza kama kuna farasi, ndengu zilizoiva tangu asubuhi zinashinda.

Kaunti nayo ina deni lake ambalo sera ya pombe haiwezi kulilipa. Kila bustani inayofungwa, kila uwanja wa mtaa unaogeuzwa maegesho au duka, unamsukuma mtoto mwingine kuelekea kwenye bembea iliyo kando ya kaunta. Serikali inayosema haitaki watoto karibu na pombe ihesabu ni ekari ngapi za nyasi za bure imewapa watoto haohao.

Muswada utakapofika Bungeni, magazeti yatakimbilia kifungu cha umri na kifungu cha faini. Mimi nitafungua kwanza ukurasa wa tafsiri, pale maneno yanapopewa maana zake, nione mkahawa umeelezwaje, na kama mahali popote kwenye ukurasa huo pameandikwa neno mtoto.